Ndevu za Shangazi na Sukari ya Ukoo

Shangazi yangu alikuwa ananyoa ndevu kila Jumamosi asubuhi, mlango ukiwa wazi. Alikaa kwenye kigoda pale kizingitini, nyumbani kwake Mukendo, mjini Musoma, kioo cha pikipiki amekiegemeza kwenye ndoo, wembe mkononi, povu la sabuni ya kufulia limemzunguka kidevu. Wapita njia walimsalimia naye akaitikia bila kugeuza shingo, maana ukigeuza shingo unajikata. Mgeni asiyemjua akisimama kushangaa, aliambiwa, "Pita tu baba. Au na wewe unataka kunyolewa?"

Utotoni nilidhani mashangazi wote wana ndevu. Nilidhani ndiyo tofauti kati ya shangazi na mama mdogo. Siku moja nilikwenda kwa rafiki yangu wa shuleni nikakuta shangazi yake ana kidevu laini kama yai, nikarudi nyumbani nikimwonea huruma yule rafiki.

Mwenyewe alisema ni ndevu za babu yake, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Babu alipokaribia kufa aliwaangalia wajukuu wake wa kiume mmoja mmoja, akakosa wa kumwachia. "Wote walikuwa goigoi," Shangazi alisema, "akaniachia mimi." Aliyasema hayo mbele ya kaka zake, ambao walikuwa wamezoea, na mbele ya wake zao, ambao walicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Alikuwa na mgahawa mbele ya nyumba. Asubuhi supu ya sato, mchana ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na samaki, chai muda wote. Watu wa mjini wanasema mteja ni mfalme. Shangazi alisema, "Kwangu mteja ni mtoto," na alimlisha kwa mujibu wa hali yake alivyoiona yeye. Mwanamume mnene aliyeagiza chapati aliletewa visamaki vya furu vya kuchemsha na mboga za majani. Akilalamika aliambiwa, "Tumbo lenyewe hilo, chapati utaiweka wapi?" Kijana aliyekonda aliyeagiza chai kavu aliletewa ugali, na asingeondoka bila kuumaliza. Nilifikiri atakosa wateja. Kumbe watu walikuwa wanatoka hadi stendi kuja kugombezwa. Wengi walikuwa wameacha mama zao vijijini, huko Butiama na Bunda, na nadhani walikuwa na hamu ya kusikia sauti ya namna ile.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Ukweli haunywewi na sukari." Aliutumia kwa kila kitu: msichana akivaa nguo isiyompendeza, padri akirefusha mahubiri, jirani akisema mtoto wake amefaulu kumbe amefeli. Lakini chai yake mwenyewe ilikuwa na sukari hadi kijiko kilisita kabla ya kuanguka. Nilipomwuliza mbona anawakataza wateja na yeye anakunywa uji wa sukari, alinijibu, "Mimi nafundisha. Mwalimu hafanyagi mtihani."

Hilo lilikuwa tatizo lake moja. La pili ni kwamba alikuwa mtu wa kusema ukweli wa watu wote isipokuwa wa kwake. Ndevu hakuzificha, kwa kuwa zilikuwa hadharani na hakuna namna. Lakini ukimwuliza umri, ulipungua kila mwaka. Na ukimwuliza kuhusu ndoa yake ulipata hadithi moja tu, isiyobadilika, iliyonyooka kama fimbo: aliolewa Butiama akiwa msichana, akakaa miaka bila kupata mtoto, mama mkwe akatangaza kwamba amelogwa na atawaambukiza hata ng'ombe, mume akamfukuza. Basi. Akaja mjini.

Kwetu kuna mila ambayo mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mke, amzalie ndani ya nyumba yake. Wazee walimshauri hivyo. Akawajibu, "Mume mmoja alinishinda, leo mnipe na mke?" Wazee wakanywa chai yao wakaenda. Hakuna aliyerudi tena na shauri hilo.

Mimi nilianza kufanana naye nikiwa sekondari. Kwanza zilikuja chunusi, zikakaa kama zimepanga chumba. Kisha nywele za kidevuni, moja moja, nyeusi, ngumu, nikawa nazing'oa kwa kucha wakati wa hesabu. Siku zangu za mwezi zilikatika, zikaja, zikakatika tena miezi mitatu, minne. Mwili uliongezeka hata nilipokula kidogo. Sikumwambia mtu. Lakini Shangazi alikuwa na macho. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walipewa saa za mkononi na wengine simu. Yeye aliniita pembeni akanipa pakiti ya nyembe.

"Nyamisi mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi shamba, "karibu."

Mama yangu alipoiona ile pakiti alikasirika, yeye na wifi yake hawakusalimiana hadi Krismasi.

Baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi Bunda, na huko huko nikampata Magesa, fundi wa friji, mtu mpole anayesikiliza mashine kuliko watu. Alipotaka kuleta wazee wake kwetu, furaha ilinijia na hofu nyuma yake. Nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kuona siku zangu, na sikuwa na mimba. Kila nilipojiangalia kwenye kioo nilimwona Shangazi, na kila nilipomwona Shangazi nilikumbuka mama mkwe, ulozi na safari ya kuja mjini. Nikaomba ruhusa shuleni nikapanda gari kwenda hospitali Musoma, bila kumwambia mtu yeyote isipokuwa Mama. Mama naye hakumwambia mtu yeyote isipokuwa jirani. Nilipofika mapokezi nilimkuta Shangazi ameshakaa kwenye benchi, amejifunga kitenge hadi kidevuni, amenishikia nafasi.

Daktari alikuwa dada mdogo, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza, "Siku zako unazipata kila mwezi?"

"Huyu?" Shangazi akajibu. "Zinamjiaga kama mgeni wa Dar es Salaam. Zikija zimekuja, zisipokuja mnaendelea na maisha."

"Mama, naomba mgonjwa ajibu mwenyewe."

"Anaona aibu. Niulize mimi, mimi sina."

Daktari akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, maana kwa kweli alikuwa amejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu. Akauliza kuhusu chunusi, uzito, nywele. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwanamke mwingine mwenye nywele nyingi kidevuni?"

Ilikuwa Ijumaa, na siku ya Ijumaa ndevu za Shangazi zilikuwa zimeiva. Alishusha kitenge polepole, kama mtu anayefunua chungu mbele ya wageni.

"Usiende mbali, daktari," akasema.

Daktari aliandika neno moja, akalipigia mistari miwili.

Nilipimwa damu, nikapigwa altrasaundi, tukangoja, tukaitwa tena. Daktari alieleza taratibu. Alisema mayai yangu yanaanza kukua lakini hayakomai, yanabaki vifuko vidogo vidogo kwenye ovari. Homoni zile ambazo wanaume wanazo nyingi, mimi ninazo zaidi ya kawaida, na ndizo zinazoleta nywele na chunusi. Na mwili wangu hausikii vizuri insulini, ile inayopeleka sukari mahali pake, kwa hiyo nisipoangalia, kisukari kinanijia mapema. Alisema si kosa langu na si kosa la mtu.

"Na inatembea kwenye familia," akasema. "Wanawake wa damu yako wanaweza kuwa nayo bila kujua. Na hata asiyekuwa nayo, awe mama, dada, kaka au baba, anaweza kupata sukari, presha au mafuta kwenye damu kwa urahisi kuliko watu wengine. Mngepima wote."

"Hata wanaume?" Shangazi akauliza.

"Wanaume hawana ovari, mama, lakini sukari haichagui."

Nikamkumbuka Baba. Alikuwa amekufa kwa kisukari nikiwa darasa la sita. Aliondoka na kisukari chake, na sisi wote tulidhani ameondoka nacho.

Shangazi alikuwa anasokota pindo la kitenge. Kisha akauliza, "Na kuzaa?"

"Wengi wanazaa. Wengine wanahitaji dawa kidogo ya kusaidia yai likomae."

"Na zamani hizo dawa zilikuwepo?"

"Zamani ya lini, mama?"

"Basi," Shangazi akasema, akapandisha kitenge chake.

Tulitoka hospitali tukaenda moja kwa moja Buhare, kwa Mama, na huko vita ikaanza kabla hatujavua viatu. Shangazi alisimama mlangoni akasema, "Wifi, ng'ombe tuliotoa kwenu tulitoa bila kupima sukari. Mmetuuzia mzigo mbovu."

Mama alikuwa anachagua dagaa. Hakuinua macho. "Kwetu nani ana ndevu, wifi?"

"Kwenu mnazifichaga. Sisi tunanyoa hadharani."

"Mume wangu alikufa na sukari, na alikuwa kaka yako, hakuwa kaka yangu."

"Na mama yako mzazi alikatwa mguu kwa sababu gani?"

"Alichomwa na mwiba."

"Mwiba gani huo wa kukata mguu mzima? Mwiba wa tembo?"

Mama akaacha kuchagua dagaa. Sote tulikuwa tumeukubali mwiba ule miaka yote. Nilimwona akihesabu kichwani: bibi aliyekuwa anakunywa maji mtungi mzima, kidonda kisichopona, dada yake aliyefifia macho. Akasema kwa upole, "Kumbe." Shangazi naye, aliyekuja kushinda, akakosa ushindi, akavuta kigoda akaanza kumsaidia kuchagua dagaa. Walifanya kazi hiyo pamoja hadi jua likageuka, na nilipowaacha walikuwa wanahesabu ndugu wa pande zote mbili, nani alikufa na nini, na uongo gani ulisemwa msibani.

Ndipo Shangazi akapata wazo, na mawazo yake yalikuwa hayarudi nyuma. Wazee wa Magesa walikuwa wanakuja Butiama, kwa Baba Mkubwa, kuzungumza mahari. Ukoo mzima ungekuwepo. "Lini tena nitawapata wote mahali pamoja na wana njaa?" aliniambia.

Nilimpigia magoti. Nilimwambia, "Shangazi, siku hiyo ni ya ng'ombe tu. Wakijua nina tatizo watageuza gari."

"Sitasema neno juu yako."

"Unaapa?"

"Naapa. Juu yako, hata nusu neno."

Siku ikafika. Nilikuwa nimefungiwa chumbani kama ilivyo desturi, nikichungulia dirishani na binamu zangu. Wageni walitoka Bunda kwa gari dogo la kukodi na pikipiki kadhaa. Nyama ilikuwa inachemka. Na pale pale penye masufuria nikamwona Shangazi amesimama na muuguzi, jirani yake wa Mukendo, ambaye alikuwa na kimashine cha kupimia sukari na sura ya mtu anayejuta kuzaliwa. Sheria ilikuwa fupi: kidole kwanza, nyama baadaye.

Watoto wa wajomba walipima kwa kucheka. Mama alipima. Wa kugoma alikuwa Baba Mkubwa, msemaji wetu wa siku ile, mtu mrefu mwenye kofia ya Jumapili, ambaye ulimi wake wa nyumbani haukuwahi kukubaliana na herufi l.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimekura nyama na maziwa tangu nizariwe. Sukari ni ugonjwa wa watu wa mjini wanaokura mikate."

"Kaka, toa kidole."

"Sitoi. Hiro ni jambo ra wanawake."

"Basi na nyama ni jambo la wanawake, maana sisi ndio tumeipika."

Harufu ilikuwa upande wa Shangazi. Baba Mkubwa alivumilia kidogo, akatazama sufuria, akatoa kidole kama mtu anayetoa kafara. Muuguzi akamchoma. Kimashine kikafikiri. Kisha muuguzi akakitazama, akakifuta, akakitazama tena.

"Kinasemaje?" Baba Mkubwa akauliza.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu akachungulia. "Hakina namba. Kimeandika Hai."

Baba Mkubwa akanyoosha mikono juu. "Mmesikia? Hai! Mashine yenyewe imesema mimi ni mtu hai! Rete nyama!"

Uwanja wote ukashangilia, hata wakwe. Nami nikashangilia dirishani. Muuguzi ndiye hakushangilia. "Mzee," akasema, "hiyo si hai ya uzima. Ni Kiingereza, H na I, yaani juu. Maana yake sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuisoma. Unajisikiaje? Unakojoa sana? Unaona kiu?"

Hapo mke wake, Mama Mkubwa, akasema kwa sauti kwamba tangu mavuno mzee anamaliza ndoo ya maji na kwamba macho yake yanaona ng'ombe wawili palipo na mmoja. Baba Mkubwa akasema alidhani ng'ombe wameongezeka. Walimwingiza kwenye lile gari dogo la wakwe wakamkimbiza hospitali, kofia ikabaki kwenye kiti.

Basi ukawa mkutano wa mahari bila msemaji, bila gari, na wakwe wamesimama na vidole walivyovificha mifukoni. Baba yake Magesa, mzee wa adabu, akauliza, "Jamani, hii ya kuchomana ni mila yenu, au kuna jambo?"

Shangazi akajifuta mikono.

"Kuna jambo, mzee wangu," akasema. "Kwetu tuna sukari. Tumejua juzi tu. Kaka yangu alikufa nayo, huyu mwingine mmeona anavyobebwa. Na mimi nina shida ya homoni, hata mtoto sikupata. Mlikuja kuchukua msichana wa damu hii. Tusingeweza kupokea ng'ombe wenu huku tumefunika sufuria. Sasa mmeona. Mkitaka kurudi, gari likirudi mtaondoka kwa amani na nyama yenu mtabeba."

Hakusema hata nusu neno juu yangu. Alikuwa ametimiza kiapo chake na kunimaliza kwa wakati mmoja. Binamu yangu mmoja alinishika mkono. Nilimtafuta Magesa kwa macho. Alikuwa anakiangalia kile kimashine kama anavyoangaliaga friji iliyokataa kuganda.

"Inatumia betri gani?" akamwuliza muuguzi, akanyoosha kidole chake kupimwa.

Mama yake alisimama baada yake. "Mnipime na mimi," akasema. "Na huyu mzee wangu mpimeni, kabla hajajifanya mstaarabu. Anaamka usiku kwenda nje hadi mbwa wamezoea, wala hawabweki tena."

Baba yake Magesa akapimwa. Naye alikuwa nayo, si nyingi, lakini ilikuwepo. Akaketi, akaiangalia damu kidoleni, akasema, "Basi, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Tuzungumze ng'ombe."

Ikaja shida ya kiti. Nani akae mahali pa Baba Mkubwa? Shangazi akakikalia. Mzee mmoja wa kwetu akamwambia kwa heshima kwamba kiti kile hukaliwa na mtu mzima mwenye ndevu. Shangazi alishusha kitenge alichokuwa amejifunga hadi kidevuni, akamgeuzia kidevu upande wa kulia, akamgeuzia wa kushoto, akapandisha kitenge. Mazungumzo yakaendelea. Watu wa Bunda husema hadi leo kwamba hawajawahi kubanwa kama walivyobanwa siku ile.

Mwisho kabisa, watu wakiwa wameshiba, Mama alisema, "Wifi, na wewe kidole."

"Mimi ni msimamizi."

"Msimamizi ana damu."

Alikimbia. Nasema alikimbia, mwanamke wa umri ule, akazunguka zizi, Mama yangu nyuma yake, na wakamkamata kwenye kona akicheka na kutukana. Namba yake ilikuwa ya mtu aliyeugua siku nyingi. Akatazama kile kimashine akasema, "Hiki kimechoka. Kimesoma ya kaka mara mbili." Lakini nyuma ya maneno hayo niliona sura ambayo sikuwahi kuiona, ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Baba Mkubwa alilazwa, akapona, akarudi na dawa na sharti la kuacha soda. Aliwahadithia watu kwamba mashine ya wazungu ilithibitisha uhai wake. Shangazi alianza vidonge, na akavificha. Yule aliyenyoa ndevu mlangoni aliviweka kwenye kopo la majani ya chai, akavimeza amegeukia ukuta, na ukimkuta alisema ni vya kichwa. Asubuhi alitembea kutoka Mukendo hadi Buhare kumsalimia wifi yake, na njiani aliwaokota wanawake wengine, hadi likawa kundi zima linatembea huku likigombezwa. Chai yake aliipunguzia sukari kidogo kidogo, kila siku akilalamika kwamba viwanda vya siku hizi vinatengeneza sukari isiyo tamu.

Mimi nilipewa vidonge, nikatembea, nikabadili chakula, nikalia, nikatembea tena. Magesa hakusema maneno mengi. Alinunua viatu vya kutembelea, vyangu na vyake. Baadaye daktari akaniongezea dawa ya kukomaza mayai. Haikushika mwanzoni, nikakata tamaa, ikashika. Nilipojifungua mtoto wa kike, Shangazi alimpokea, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamchunguza kidevu kabla ya kitu kingine chochote.

"Bado," akasema. Kisha akakaa kitandani kwangu, mtoto mapajani, akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Akasema, "Kumbe ilikuwa ni dawa tu."

Sasa hayupo. Presha ilimchukua, asubuhi, akiwa anagombana na muuza mkaa. Lakini kabla ya hapo, mtoto wangu alipoanza kukaa, aliniomba nimsindikize Buhemba. Hakusema kuna nini. Njiani, tulipopita Butiama, ndipo aliposema kwamba yule mume wake wa zamani yuko huko, alikwenda kutafuta dhahabu akazeekea huko huko, na kwamba yeye ana neno la kumwambia kabla mmoja wao hajafa.

Tulimkuta amekaa kando ya nyumba ya mwanawe, mzee mwembamba, akitengeneza mpini wa jembe. Mkamwana wake alitukaribisha, akatuambia tupaze sauti. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na masikio yalibaki huko. Alimtazama Shangazi muda mrefu. Akamtaja kwa jina la usichana wake, ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu.

Shangazi alikuwa amejiandaa. Akasema, "Nimekuja kukwambia sikulogwa."

"Nani kalogwa?"

"Hakuna! SIKULOGWA! Ilikuwa HOMONI!"

"Harusi?"

"HOMONI! Ugonjwa! Mayai yalikuwa hayaivi!"

Majirani walianza kutoka. Mwanamke mmoja akauliza kama tunauza mayai. Shangazi aliendelea kupiga kelele, ovari, insulini, vifuko, akinielekeza mimi na mtoto kama ushahidi, na yule mzee akaitikia kwa kichwa kila neno, jasho likimtoka kwa juhudi ya kusikia. Alipomaliza, alikuwa anahema.

"Mama yako alisema nimelogwa," akasema. "Na wewe ukanifukuza."

Hilo mzee alilisikia. Aliweka mpini chini.

"Mimi sikukufukuza."

Shangazi akamnyooshea kidole.

"Niliamka alfajiri, hupo," mzee akasema. "Na ndoo haipo. Nikasema ameenda kuchota maji. Nikakaa nikasubiri maji."

Nilimgeukia Shangazi. Ile hadithi iliyonyooka kama fimbo, niliyoisikia maisha yangu yote! Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilisema nimwachie nafasi aoe mwingine," akasema kwa sauti ndogo ambayo mzee asingeweza kuisikia. Aliniambia mimi, au alimwambia mtoto. Kisha akapaza sauti: "Ulisubiri hadi lini?"

"Siku nyingi. Watu walinicheka."

Mtoto wangu alinyoosha mkono kuushika ule mpini. Shangazi akasimama, akamwuliza mkamwana bomba liko wapi, akachukua ndoo iliyokuwa pale mlangoni. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Tulimwona akiteremka na kile kitenge chake, akapanga foleni na wasichana, akaongea nao maneno ambayo bila shaka yalikuwa ya kuwagombeza, akarudi na ndoo kichwani, taratibu, maji yakimchirizika shingoni. Alipiga goti moja, kama wanavyofanya wake wa Butiama, akaitua mbele ya yule mzee.

Mzee akaiangalia ndoo. Akamwangalia yeye.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa naumwa," Shangazi akajibu, akamchotea kikombe.